Thina ya Kazi

Kila jioni Watiri alimnusa mumewe. Hakuificha kazi hiyo, wala hakuipenda. Theuri alipofika mlangoni, kabla hajavua koti, mkewe alimsogelea kama anayetaka kumpangusa vumbi begani, akavuta pumzi mara moja, kisha akarudi jikoni. Alichokuwa akikitafuta ni pombe. Alichokipata ni vanishi, jasho, na harufu nyingine kali, tamutamu, ambayo hakuijua jina. Kwa kuwa hakuijua jina, aliihesabu kuwa pombe iliyofichwa vizuri.

Tusimlaumu upesi. Watiri alizaliwa Gakindu, kwa baba aliyeinywa mibuni yake yote mpaka shamba likabaki magugu, na dalili za ulevi alizijua tangu hajaota meno ya utu uzima. Mlevi hukosa mlango akagonga fremu kwa bega. Huanza kusema jambo akaliacha njiani. Hucheka pasipo cha kuchekesha, kisha akafoka kwa sababu chumvi imewekwa mbali. Asubuhi vidole vyake haviwezi kufunga vifungo vya shati. Yote hayo Theuri alikuwa nayo, na yalimzidi tangu baridi ilipoingia. Na huyu ndiye mwanamume aliyekubali kuolewa naye kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote, kwamba alikuwa ameokoka na chupa hagusi.

Siku wazee wa kanisa walipokuja, ilikuwa bado mchana. Walikuwa watatu, wakiongozwa na Nderitu, mzee wa kanisa wa mtaa wao, mtu mpole mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani. Watiri aliwapikia chai, akaketi nao, wote wakizungumzia baridi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza. Kisha Theuri akaingia kutoka kazini. Akagonga fremu kwa bega. Akawasalimu wageni vizuri, akaketi, akaitazama birika ya chai, akacheka.

Nderitu aliweka kikombe chini. "Theuri, wewe ni ndugu yetu. Watu wanasema wamekuona barabarani ukitembea kama huoni njia. Ni nini inakusumbua?"

Theuri alifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Ni thina, mzee," akasema. "Ni thina ya kazi."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Walikuwa wakizungumza Kikuyu, na kwa Kikuyu thina ni shida. Ni ufukara, ni mateso, ni kila kitu kinachomkunja mtu mgongo. Mwaka ule, ule wa kabla ya mvua za El Nino, hapakuwa na nyumba mtaani kwao Gatitu isiyokuwa nayo.

"Thina iko kwa kila mtu," Nderitu akasema. "Hata mimi niko nayo. Lakini si kila mtu anaipeleka kwa chupa."

"Hapana, mzee. Mimi sinywi. Nasema ni thina..." Theuri akalitafuta neno lililofuata, mkono ukizunguka hewani, na neno halikuja. "Ile ya kazi."

"Tumeelewa, ndugu yetu. Peleka hiyo thina kwa Mungu."

Wakaomba, wakamaliza chai, na kabla ya kuondoka wakamwambia Theuri kwamba atapumzishwa kidogo. Ndilo neno walilotumia, kupumzishwa, na maana yake ni kwamba siku ya meza ya Bwana sinia la mkate na divai lingempita hadi ionekane amebadilika. Theuri alikubali kwa kichwa. Watiri aliwasindikiza wageni hadi langoni, akarudi, akaanza kuosha vikombe kwa nguvu ambayo vikombe havikuwa na haja nayo.

"Umeniaibisha," akasema.

"Sijaonja pombe tangu niokoke, Mama Gathoni. Unajua."

"Najua nini? Jumapili uko sawa, unaimba mpaka mwisho. Jumatatu unarudi umekufa. Kwani Jumapili unamwogopa Mungu, halafu Jumatatu unamwambia angoje kidogo?"

Theuri alifunga macho. Kichwa kilikuwa kikimgonga, kama kila jioni, na mwanga wa dirishani ulimchoma. "Sijui. Jumapili kichwa inafunguka. Nikirudi kazi inafunga tena. Nimekuambia ni thina."

"Thina, thina! Na nani alikuambia mimi sina? Umeniona nikiyumba?"

Theuri alijifunika macho kwa kiganja. Alikuwa amesahau swali, au amechoka nalo. Watiri naye alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa aina mbaya zaidi, ule wa kutojua. Angejua kwa hakika kwamba mumewe ni mlevi, angelia siku mbili tatu, akafunga mizigo, akamaliza. Kutojua ndiko kulikomfanya amnuse kila jioni kama mbwa wa polisi, na alijichukia kwa hilo.

Kwa hiyo alifanya mpango. Kaka yake, Kingori, alikuwa na pikapu aliyobebea kabichi kutoka Mukurweini, na Jumamosi adhuhuri alikuwa na safari ya kupita Gatitu. Watiri akampelekea ujumbe. Atakwenda karakana ya useremala anakofanya kazi Theuri, akiwa na mkoba wake wa nguo. Akimkuta Theuri na chupa, atapanda pikapu kurudi Gakindu na hatarudi tena; binti yao Gathoni, aliye shule ya bweni, atamfuata huko likizoni. Asipomkuta nayo, atabaki na mumewe, na hatamnusa tena maishani. Kingori akajibu kwamba atafika, na kwamba chumba cha wageni kimeshafagiliwa. Jibu hilo lilimuumiza Watiri kidogo, kwa vile lilionyesha ndugu zake walikuwa wameshaamua.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya Gatitu tangu alfajiri. Hii ndiyo gathano, majira ya baridi, ambapo jua la Nyeri huchungulia saa sita likaona aibu likarudi. Karakana ilikuwa nyuma ya maduka. Mbele palikuwa na fremu za vitanda na mbao zilizoegemezwa ukutani, na jiko la makaa ambalo mwenye karakana, Kihara, alikuwa akiliota nje kabisa, mbali na mlango. Kando yake palikuwa na kreti ya pakiti za maziwa.

"Bwana asifiwe, Mama Gathoni."

"Asifiwe sana. Nimeletea Baba Gathoni uji."

"Ameenda dukani kununua msasa, anarudi saa hii. Ingia ungoje ndani, hii baridi itakuua." Kihara alikuwa mnene, mwenye macho mekundu yaliyojaa machozi wakati wote. Aliona Watiri akitazama maziwa. "Hiyo ni yao. Kila mtu anapata pakiti moja asubuhi, na mwenye kupuliza vanishi napatia mbili. Maziwa inaosha kifua. Mimi si kama wale wengine, mimi nachunga watu wangu."

Alisema kwa fahari, na alikuwa akisema kweli. Alikuwa akiwachunga kwa jinsi alivyojua.

Mkoba wa nguo Watiri aliuacha langoni, nyuma ya rundo la mbao, akaingia. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupiga randa. Cha nyuma ndicho cha Theuri, cha kupulizia vanishi. Dirisha lake lilikuwa limepigiliwa karatasi ya nailoni, na chini ya mlango palikuwa na gunia la kuzibia. Kihara alimwelezea kutoka nje, kwa sauti kubwa: ukungu ukiingia mahali vanishi haijakauka, vanishi inageuka nyeupe kama imepakwa unga, na mteja anaikataa. Gathano lazima kila tundu lizibwe. Watiri hakusikiliza. Alikuwa ameshaanza kutafuta.

Aliinama chini ya meza ya kazi. Nyuma ya makopo ya vanishi palikuwa na jerikeni ndogo ya plastiki. Akaifungua. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kisafi kama maji ya kunywa, na alipokinusa pua iliungua na macho yakatoka machozi.

Chang'aa, pombe kali ya kutengenezwa nyumbani. Akakumbuka jikoni kwa baba yake, na mama yake akimwaga ya namna hiyo migombani huku akilia.

Moyo ulimshuka, na uliposhuka ukatulia. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka, kwamba alihisi kupumzika. Mwisho umefika. Alichobakiza ni kumwona kwa macho yake akiipeleka mdomoni, ili asije kubishiwa na mtu yeyote, wala na moyo wake. Akaifunga jerikeni, akairudisha, akaenda kuchuchumaa nyuma ya kabati kubwa la nguo lililosimama katikati ya chumba likingoja kupuliziwa.

Theuri aliingia muda si mrefu. Alifunga mlango, akasukuma gunia kwa mguu mpaka likaziba. Akafunga leso puani. Akavuta jerikeni kutoka chini ya meza. Watiri, kupitia mwanya wa bawaba za kabati, alimwona akifungua kifuniko. Akazuia pumzi.

Theuri akaimimina ndani ya kopo la vanishi. Akakoroga kwa kijiti, akainua kijiti akaangalia jinsi inavyotiririka, akaongeza nyingine. Kidogo akaimimina kiganjani, akaosha nayo mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayenawa kabla ya kula. Kisha akawasha kompresa, mashine ya kusukuma upepo, ikaanza kunguruma, na akaanza kupuliza.

Hapo ndipo Watiri angepaswa kutoka. Lakini angetoka aseme nini? Kwamba amejificha nyuma ya kabati kumvizia mume wake wa ndoa? Alibaki pale chini, akingoja amalize upande ule aende mwingine, huku akipanga uongo. Wingu jembamba la vanishi lilikuja likapita juu yake, na kilichoshuka polepole mpaka sakafuni alipochuchumaa hakikuonekana kwa macho.

Kwanza alihisi utamu mdomoni, halafu koo kukwaruza. Akameza mate, akameza tena. Baada ya hapo haikuwa mbaya. Joto lilimpanda, mabega yakalegea, na mambo yote aliyokuwa akiyabeba yakawa mepesi. Kwenye kabati palikuwa na kishikio cha shaba kilichofanana kabisa na pua ya Nderitu, na Watiri akacheka. Alijisikia akicheka. Akajiambia nyamaza, na hakunyamaza. Halafu kichwa kikaanza kugonga, akasimama kwenda mlangoni, na mlango haukuwa mahali ulipokuwa.

Aligonga fremu kwa bega. Akarudi nyuma, akaegemea kabati kwa kiganja kizima, vanishi ikiwa mbichi. Kompresa ikanyamaza. Theuri akamwona, akatupa alichokishika, akamkumbatia kiunoni akamburuta, akapiga gunia teke, akamtoa nje mpaka kwenye majani kando ya barabara. Hapo Watiri akatapika uji wa asubuhi mbele ya watu.

Na watu walikuwepo. Kulikuwa na akina mama wa chama cha kanisa wakitoka sokoni, wakasimama na vikapu vyao. Kihara alikuja mbio.

"Mama Gathoni! Umekunywa nini?"

Watiri alitaka kujibu. Maneno alikuwa nayo, aliyaona kabisa, lakini kila alipolifikia moja lilisogea. Mkono wake ukazunguka hewani. "Ile," akasema. "Ile ya... ya jerikeni. Ni nini hiyo?"

Theuri alikuwa amepiga magoti kando yake, leso ikining'inia shingoni. "Ni thina," akasema. "Ya kupunguza vanishi, ikuwe nyepesi. Inaitwa thina. Kwani nimekuwa nikikuambia nini siku hizi zote?"

Watiri alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze aliyaona macho yake bila kutafuta kitu ndani yake, na yalikuwa macho ya mtu mgonjwa. Aliiona ile siku na wazee wakitikisa vichwa, na yeye mwenyewe na vikombe vyake. Mumewe alikuwa amewaambia ukweli wote kwa neno moja, kila siku, na hakuna aliyesikia, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua thina ni nini. Aibu ilimpata, aibu kweli, na ilimpata akiwa na matapishi kwenye kitenge.

Pikapu ya Kingori ilifika ikiwa na matope hadi milangoni. Kingori alishuka, akauona mkoba langoni, akamwona dada yake anayumba kati ya wanaume wawili.

"Sasa ni wewe umeanza kukunywa?"

"Nyamaza, Kingori," Watiri akasema. "Tupeleke hospitali. Sisi wawili." Akapanda nyuma, mahali pa kabichi, kwa sababu alitaka upepo, na Theuri akapanda naye. Walifika kituo cha afya midomo ikiwa ya bluu kwa baridi, na kichwa cha Watiri kikiwa kimeanza kufunguka.

Daktari alikuwa msichana wa Kitaita, mgeni mjini, aliyevaa sweta mbili chini ya koti lake jeupe na ambaye Kikuyu hakukijua hata salamu. Watiri alianza kwa Kiswahili chake cha Gakindu. "Daktari, kichwa inaniuma, na nilianguka. Na huyu bwana yangu anaanguka kila siku. Anasema ni thina."

"Thinner?" daktari akauliza papo hapo. "Ile ya kuchanganyia rangi? Mlikuwa chumba kimefungwa?"

Theuri na mkewe wakatazamana. Katika tarafa nzima, aliyemsikia Theuri vizuri ni yule asiyejua lugha yake. Theuri alicheka, na safari hii palikuwa na cha kuchekesha.

Daktari hakucheka. Alimwambia Theuri asimame miguu pamoja na afumbe macho, na Theuri akaanza kupepesuka, ikabidi amshike. Alimgusa ncha za vidole kwa pamba, akimtaka aseme anapoguswa, na Theuri alikaa kimya muda mrefu huku pamba ikipita kidole baada ya kidole. Watiri aliona hivyo na hakuweza kuendelea kuangalia.

"Siku anazopumzika anakuwa vipi?"

"Jumapili ni mzima," Watiri akasema kwa sauti ndogo. "Jumatatu ndiyo mbaya."

"Ndivyo ilivyo. Mwili unajaribu kuitoa, halafu anarudi anajazwa upya." Akawaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kurudia. Thina hugeuka mvuke hata kwenye baridi. Mvuke huo huvutwa mapafuni, ukaingia kwenye damu, ukapanda kichwani ukafanya kazi ileile ya pombe. Mtu huyumba, husahau, huwa mkali nyumbani bila kujua kwa nini. Ukivutwa muda mrefu hufika kwenye mishipa ya fahamu, mikono na miguu ikafa ganzi. Ni mzito, hukaa chini, ndiyo maana mama aliyechuchumaa alilewa upesi.

"Na leso?" Theuri akauliza. "Nafunganga leso."

"Leso inazuia vumbi, mzee. Mvuke unapita tu. Barakoa inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa, na hata hiyo haitoshi kama madirisha yamezibwa. Hewa ndiyo dawa ya kwanza. Na usiinawe mikononi, inaingia hata kwa ngozi."

"Tunapewanga maziwa. Ya kuosha kifua."

"Maziwa yanakwenda tumboni. Kifuani hayafiki." Akaona uso wa Theuri, akaongeza kwa upole, "Kunywa tu, ni chakula. Lakini usiingie tena chumba kile. Kichwa kitatulia ukikaa mbali nayo. Vidole..." Aliikunja ile pamba. "Vidole tutaona. Vingine hurudi, polepole. Vingine havirudi."

Nje, Kingori alikuwa akingoja na injini ikiwaka. Akauliza mkoba aupeleke wapi. "Nyumbani kwangu," Watiri akasema, akamwelekeza Gatitu, ingawa njia alikuwa anaijua.

Kihara alipoambiwa, alibisha kwanza. Alikuwa na makabati ya watu, na ukungu haukuwa na huruma. Kisha akakaa kwenye mbao, akajipangusa macho yake mekundu, akakiri kwamba na yeye kichwa kilikuwa kikimuuma tangu mwaka juzi na alikuwa akidhani ni presha. Alikubali kwa shingo upande. Alikata dirisha la pili ukutani, upepo uingie huku utokee kule. Akaamua vanishi ipulizwe mchana tu jua likitoka, makopo yakae yamefunikwa, na akaagiza barakoa kutoka Nairobi. Kazi ikachelewa na wateja wakanung'unika. Theuri akahamishiwa kwenye kupiga msasa nje, kazi ya mtu anayeanza. Maziwa yaliendelea kuja, kwani Kihara hakujua njia nyingine ya kuonyesha anajali.

Nderitu naye alirudi. Akina mama walikuwa wamesema waliyoyaona, na mzee alikuja akiwa amechoka hata kabla ya kuketi.

"Mama Gathoni. Sasa na wewe? Ni nini?"

"Ni thina, mzee," Watiri akasema, na kumwona akianza kutikisa kichwa. "Hapana. Usitikise kichwa. Si hiyo. Vaa koti twende nikuonyeshe."

Alimpeleka karakana, akamfungulia jerikeni mlangoni, mahali pa hewa. Nderitu alinusa, akaruka nyuma. "Hii ni chang'aa!"

"Hata mimi nilisema hivyo. Nusa tena."

Hakutaka kunusa tena. Alimtazama Kihara akiimimina kwenye kopo la vanishi, akalitazama dirisha jipya na alama za misumari ya nailoni iliyotolewa. Aliivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo watu wachache walikuwa wamewahi kuliona. "Na sisi tukamwambia ati apeleke thina kwa Mungu," akasema. Alimwendea Theuri, aliyekuwa akipiga msasa nje, wakaongea peke yao, na Watiri hakuuliza waliongea nini.

Meza ya Bwana iliyofuata ilikuwa Septemba, baridi ikiwa imeisha. Asubuhi hiyo Theuri alioga mapema, akavaa shati jeupe, akasimama mbele ya mkewe ili amfungie vifungo, kama ilivyokuwa sasa kila siku. Kichwa chake kilikuwa kimetulia. Alimaliza sentensi zake, nyingi, na hakufoka tena mezani. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa havijarudi.

Kanisani waliketi pamoja, karibu na mbele. Mkate ulipita, na Theuri akauchukua kwa kiganja. Halafu likaja sinia la divai, limejaa vigilasi vidogo visivyozidi kidole gumba, na aliyelishika alikuwa Nderitu mwenyewe. Alisimama mbele ya Theuri akangoja.

Theuri akanyoosha mkono. Vidole vikafika kwenye kigilasi vikakikosa, vikakigonga, divai ikamwagika kidogo kwenye sinia. Akajaribu tena. Mkono ulikuwa ukitetemeka, vigilasi vikalia vyote kwa pamoja, na kanisa zima likasikia. Nyuma yao mtu akakohoa. Watiri alijua vizuri walichokuwa wakikiwaza, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiwaza. Theuri alirudisha mkono wake mapajani.

"Iache, Mama Gathoni," akanong'ona. "Inipite tu."

Watiri hakugeuka kutazama nani anatazama. Alichukua kigilasi kutoka kwenye sinia, akaweka mkono wake wa pili nyuma ya shingo ya mumewe, akamnywesha, polepole, mpaka tone la mwisho.